Marehemu wa Kuzuia Barabara

Mkurugenzi alikuwa barazani anakunywa chai ya jioni wakati wapimaji wa barabara kuu mpya walipopigilia kigingi chenye utepe mwekundu mbele ya geti lake, na chai ikampalia. Alikohoa mpaka mkewe akatoka jikoni mbio kuja kumpiga mgongoni. Alipopata pumzi hakusema hata asante. Alinyoosha kidole kwenye kile kigingi, akasema, "Wameanza."

Kwanza tuelewane kuhusu hilo jina. Mtu huyu hakuwahi kuwa mkurugenzi wa kitu chochote. Alikuwa mtunza ghala wa ofisi moja ya umma, na mara moja tu, mkurugenzi mwenyewe alipokwenda kupasuliwa nyongo, huku wakubwa wengine wote wako likizo, yeye alikaimishwa kiti. Kile kiti kikamwingia kichwani kisitoke tena. Akastaafu nacho. Mtaani wakaanza kumwita Mkurugenzi kwa utani, naye akaitika kwa dhati, na baada ya muda utani ukachoka, likabaki jina.

Nyumba yake ilikuwa ya mwisho juu ya mteremko, pale njia ya miguu inapoanza kushuka bondeni. Kila mtu wa bondeni aliyekwenda kazini, dukani au hospitali ilimbidi apite chini ya baraza lile, na kila aliyepita ilimbidi ainue uso. "Shikamoo, Mkurugenzi." "Marahaba, haya, haya." Asubuhi wakipanda, jioni wakishuka. Maisha yake yote ya ustaafu yalikuwa kwenye kiti kile cha kamba, mguu juu ya mguu, akipokea shikamoo kama mtu anayekusanya ushuru.

Barabara kuu ingekata hapo hapo. Ingemega bustani na ukuta wa mbele, nyumba isiguswe hata tofali, na ukuta wenyewe angelipwa fidia akajenga mwingine mzuri kuliko ule. Lakini njia ya miguu ingekufa. Watu wa bondeni wangetafutiwa kivuko huko mbali, na yeye angebaki barazani anaamkiwa na matairi ya malori.

Hilo, bila shaka, hakulisema popote. Nani atasimama mbele ya serikali aseme barabara isijengwe kwa sababu anapenda kuamkiwa? Kwa hiyo Mkurugenzi akagundua vyura.

Akaandika barua ndefu kueleza kwamba kijito cha bondeni kina vyura wa pekee ambao kelele za magari zitawavuruga wasizae. Kijito hicho ndicho bomba la maji machafu ya nyumba yake lilikuwa linamwagia tangu ahamie pale, na kama kweli palikuwa na chura aliyebaki hai, basi alikuwa chura sugu, asiyetishwa na lori. Ofisi ya barabara ikamjibu kwa adabu kwamba vyura watatengenezewa karavati la kupita chini ya barabara.

Vyura wakamwangusha, akawageukia watu. Alishuka bondeni, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu ajenge, akawakusanya wakazi nje ya kibanda cha kinyozi. Akawaambia kwamba barabara ikipita juu, maji yote ya mvua yatawashukia wao usingizini, watoto wataelea na magodoro. Alitia chumvi hadi mwenyewe akaanza kuogopa. Kinyozi, mtu mwepesi wa kuamini na mwenye sauti kubwa, akawa mkono wake wa kulia. Alimwambia, "Mzee, hatujawahi kupata mkubwa wa kututetea. Mungu akuweke." Mkurugenzi akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, maana alimwona ni mtu mwenye akili.

Mkutano wa kusikiliza maoni ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi. Watu wazima walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika videvuni. Mhandisi aliyetumwa alikuwa binti mdogo tu, mwenye buti za tope na sauti ya taratibu, na Mkurugenzi alipomwona akajua kazi imekwisha. Alisimama akatoa povu juu ya wanyonge, ardhi, vizazi vijavyo na wale vyura. Alipoketi alipigiwa makofi mengi kutoka nyuma, ambako kinyozi alikuwa amepanga watu wake.

Yule binti akasubiri makofi yaishe, akabandika ramani ubaoni.

"Kuna mistari miwili," alisema. "Mstari wa juu unachukua ukuta na bustani. Mstari wa chini unachukua nyumba za watu, karibu bonde zima. Ndiyo maana tulichagua wa juu."

Mkurugenzi, aliyekaa mbele, aliyasikia maneno hayo vizuri sana. Hakuna mwingine aliyeyasikia, kwa sababu yeye alikwishageuka nyuma na kumwashiria kinyozi, na kinyozi akaanzisha wimbo wa haki zetu, haki zetu, na darasa zima likaitikia huku likipiga madawati. Watu wa bondeni waliimba kwa moyo mmoja kuukataa mstari uliokuwa umechorwa kuwanusuru. Binti alikunja ramani yake.

Mkutano ulipovunjika, Mkurugenzi alimfuata mpaka kwenye gari.

"Mwanangu, mimi ni mtu mzima, niambie ukweli. Hakuna kitu kinachoweza kuusogeza huo mstari?"

"Kwa hatua hii, mzee, hakuna. Labda tungekuta kaburi."

"Kaburi?"

"Nyumba tunalipa, mtu anahama. Kaburi ni kesi nyingine. Inatakiwa ukoo mzima ukubali, na mmoja akigoma kazi inalala mwaka. Sisi tumeshachelewa. Tukikuta kaburi, tunalizunguka." Akacheka kidogo. "Walio hai ndio wepesi kuhama."

Alisema kwa utani, maskini, akapanda gari. Hakujua amemwachia nini yule mzee.

Mkurugenzi alimkuta mkewe anachambua mchele.

"Tunahitaji kaburi," alimwambia.

"La nani?"

"Lolote."

"Basi wewe ndiye mkubwa humu ndani. Tangulia."

Akamweleza mpango. Mkewe alisikiliza huku mikono yake ikiendelea kutoa mawe kwenye mchele, akamwacha amalize, kisha akauliza marehemu atatoka wapi. Mkurugenzi akakohoa. Akasema alikuwa anamfikiria mama mkwe.

"Mama yangu amenipigia simu leo asubuhi."

"Najua. Ni kwa makaratasi tu."

Mkewe akaweka ungo chini. Jicho lake lilimtosha Mkurugenzi kuelewa kwamba akiendelea na wazo hilo kaburi litapata mtu wa kweli kabla ya jua kuzama. Ndipo akamkumbuka baba yake.

Baba yake alikuwa marehemu halali, amezikwa kijijini kwao, safari ya siku nzima kwa basi. Aliyemzika ni dada yake mkubwa. Mkurugenzi siku hiyo alikuwa kwenye semina ya utunzaji bora wa ghala, akatuma shada la maua ya plastiki. Dada huyo, mshona nguo, mjane, ndiye aliyemuuguza mzee hadi pumzi ya mwisho, akimgeuza kitandani na kumlisha uji kwa kijiko. Kaburi lilibaki tuta la udongo lililozungushiwa mawe ili mbuzi wasipande. Kila mwaka Mkurugenzi aliahidi kulijengea. Mkono wake ulikuwa wa birika, lakini ahadi zake hazikuwa na ubahili hata kidogo.

Na kulikuwa na neno jingine kati yao. Dada alikuwa anakaa chumba cha kupanga, kinachovuja, kwa sababu wakwe zake walimfukuza baada ya mumewe kufariki. Mara kwa mara alimwomba mdogo wake ruhusa ajenge vyumba viwili kwenye kiwanja cha baba kule kijijini, pale alipozikwa. Mkurugenzi, kama mtoto wa kiume, ndiye aliyeachiwa neno la mwisho, na neno lake lilikuwa moja. "Dada, pale amelala mzee. Hatuwezi kupika ugali juu ya kichwa cha mzee." Kumbe aliona tu kwamba bei ya viwanja inapanda. Dada yake alimeza mate machungu, akarudi kwenye cherehani yake.

Basi fundi wa kujenga akaletwa, mchana kweupe, nyuma ya ukuta, watu wa bondeni wakiwa kazini. Mkurugenzi akamwonyesha mahali, karibu kabisa na kigingi, pale mkewe alipozoea kuanika nguo.

"Nataka kaburi."

"Pole sana, mzee," alisema fundi, akavua kofia. "Msiba wa lini?"

"Wa zamani."

"Mwili unatoka mbali?"

"Hakuna mwili. Jenga kaburi."

Fundi akalipima jambo hilo kichwani. "Shimo liende chini kiasi gani?"

"Hakuna shimo. Juu tu."

"Juu tu," alirudia fundi, na akavaa kofia yake, kwa sababu aliona hakuna wa kumwonea haya. Alijenga. Mkurugenzi hakutaka kununua vifaa vipya, kwa hiyo fundi akapewa vigae vilivyobaki kwenye bafu la wageni, vya buluu mpauko, vyenye maua madogo pembeni. Kaburi lilipendeza, lakini lilikuwa linakufanya utafute bomba la maji kwa macho. Kisha likaja suala la uzee. Kaburi la miaka mingi haliwezi kung'aa hivyo. Fundi akalipaka tope, mkewe akaamriwa kulimwagia maji ya chai iliyolala, na Mkurugenzi mwenyewe alilizunguka akilikwaruza kwa funguo. Kwenye kibao fundi aliuliza tarehe ya kufa. Mkurugenzi akafikiri. Akamwita mkewe, naye akasema anakumbuka ilikuwa kipindi cha mvua. Wakaandika mwaka peke yake, na chini yake, Baba Mpendwa.

"Na nguo zangu nianike wapi?" aliuliza mkewe.

"Heshimu marehemu," alimjibu.

Habari zikashuka bondeni zenyewe. Kinyozi alipanda siku ile ile, amevua kofia toka getini, akalia kidogo. Alisema hakujua kwamba mzee ana uchungu mkubwa kiasi hicho, na kwamba sasa anaelewa kwa nini alikuwa anapigana vile. Kuanzia hapo alikuja kila baada ya siku chache na ufagio wake kulifagia kaburi kabla ya kufungua kibanda. Mkurugenzi alimtazama kutoka barazani na akajisikia vizuri. Tusimwonee, kuna wakati hata yeye alianza kuamini. Mkewe alimkuta asubuhi moja amesimama pale, mikono nyuma, akimweleza marehemu habari za fidia.

Binti mhandisi alikuja, akalizunguka kaburi mara mbili.

"Vigae hivi, mzee, ni vya karibuni."

"Tulikarabati."

"Hamkutaja kaburi kwenye barua ya vyura."

"Mambo ya msiba, mwanangu, mtu hayaweki mbele."

Binti alivigonga vigae kwa kidole. Alikuwa na mashaka, hilo lilionekana, lakini kaburi ni kaburi, na hakuna mtu ofisini kwao aliyetaka kuwa wa kwanza kulitia sururu. Akasema utaratibu ni mmoja tu. Aje ndugu wa damu asiyeishi pale, athibitishe mbele ya ofisi, basi mstari utasogea.

Ndugu wa damu alikuwa mmoja.

Mkurugenzi alipiga simu, akaanza kwa kuuliza hali, afya, mvua na cherehani, vitu ambavyo hakuwa ameviuliza kwa miaka. Dada yake alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Unataka nini, mdogo wangu?" Akamwambia aje tu, nauli ipo, kuna jambo dogo la kusema ndiyo. Hakumwambia jambo lenyewe. Alifikiri atamweleza akifika, juu ya sahani ya nyama. Lakini basi lilichelewa, na dada alipofika na kikapu chake, binti mhandisi alikuwa amekwishafika na wenzake wawili, wamesimama kwenye kaburi.

Dada alipita moja kwa moja hadi pale. Alisoma kibao. Alikisoma polepole, midomo ikichezacheza. Halafu aliinama, akapitisha kiganja juu ya vigae kama anavyopima kitambaa cha mteja, akakigeuza kiganja akatazama rangi ya chai iliyomwingia vidoleni. Mkurugenzi alimsogelea haraka na kumnong'oneza kwamba ni kwa muda tu, ni kwa ajili ya serikali, atamweleza. Dada hakumtazama. Aliangalia lile kaburi la maua ya buluu, refu, nadhifu, lenye kibao, na mdogo wake alijua anawaza nini. Anawaza lile tuta la udongo na mbuzi.

"Mama," alisema binti kwa upole, "unathibitisha kwamba marehemu baba yenu amezikwa hapa?"

"Mimi ni mtoto wa kike," alisema dada. "Kwetu mwenye neno la mwisho juu ya baba ni huyu. Kila siku ananiambia hivyo. Aseme yeye kwanza, na atakalosema yeye ndilo langu."

Wote wakamgeukia Mkurugenzi.

"Nimekwishasema," alijibu.

"Hujaniambia mimi," alisema dada yake, na sasa alimtazama. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na uso ule aliokuwa nao utotoni alipomfundisha kufunga kamba za viatu, akisubiri aone kama ataweza. "Baba yuko wapi?"

Mkurugenzi aliangalia kigingi. Aliangalia baraza, kiti cha kamba, na njia ya miguu ambayo wakati huo huo wanawake wawili wa bondeni walikuwa wanaipanda na ndoo, nao wakainua nyuso wakamwamkia. Kitu fulani kifuani kilimwambia aache. Hicho kitu hakikuwa na sauti kubwa.

"Baba yuko hapa," alisema.

"Kule nyumbani?"

"Kule... tulimhamisha."

"Kwa hiyo kule hamna mtu."

"Hamna mtu, dada."

Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo, aliingia ndani akafunga mlango. Dada akatikisa kichwa taratibu, akamgeukia mhandisi.

"Basi mwanangu, umesikia na mimi nimesikia. Hamna mtu kule. Andika hivyo hivyo alivyosema."

Hakukaa kula. Alisema cherehani inamsubiri. Mkurugenzi alimsindikiza hadi stendi akiwa mwepesi kama mtu aliyetua gunia, akamsifia njia nzima kwa busara yake, akimvika kilemba cha ukoka ambacho dada hakujisumbua hata kukirekebisha kichwani. Alipomwuliza kama amekasirika, alisema hapana, kuna kazi nyingi tu inamngoja.

Mstari ukasogea. Vigingi vya juu viling'olewa, na watu wenye makopo ya rangi nyekundu wakashuka bondeni, wakachora alama ya X kwenye nyumba moja baada ya nyingine, kibanda cha kinyozi kikiwa cha kwanza kwa sababu kilikuwa karibu na mahali walipoegesha gari.

Kinyozi alipanda mlima hana hili wala lile, ameshika mashine yake ya kunyolea mkononi kama mtu aliyetoka katikati ya kichwa cha mteja.

"Mzee, wamekosea mstari. Wameleta kwetu. Twende ukawaambie."

Mkurugenzi alimkaribisha kiti, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla. Akamweleza, kwa lugha nzito ya mtu aliyewahi kukaimu, kwamba taifa haliwezi kukaa bila barabara, kwamba maendeleo lazima yapite mahali, kwamba fidia ya serikali siku hizi si haba, na kwamba mtu mwenye busara huanza maisha mapya bila kununa. Kinyozi alisikiliza yote. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri sehemu ya mzaha ifike. Haikufika.

"Sisi tuliimba, mzee," alisema.

"Na mliimba vizuri."

Kinyozi akasimama. Alitazama kaburi alilokuwa akilifagia, akavaa kofia yake, akashuka. Bondeni walikaa wakapiga hesabu ya nani alikaa wapi siku ile darasani, na haikuwachukua muda kuipata: Mkurugenzi alikuwa mbele kabisa, chini ya ramani. Tangu hapo wakawa wanapita chini ya baraza wametazama mbele. Mkurugenzi aliwaamkia yeye kwanza, kitu ambacho hata mkewe hakuwahi kukiona, nao wakapita. Kisha magari ya kubomoa yakaja, bonde likahama na virago vyake, na njia ya miguu ikaota majani. Baraza lilikuwa na ukimya aliokuwa ameuomba kwa barua. Alikaa nao kila jioni, na hakuweza kuunywa na chai.

Ndipo mkewe akamwambia, kama mtu anayetaja bei ya vitunguu, kwamba amesikia dada anajenga. Kule kwenye kiwanja cha baba. Kuta zimefika madirishani.

Damu ilimchemka Mkurugenzi. Na chini ya hasira ile palikuwa na furaha, maana hatimaye palikuwa na mahali duniani ambapo neno lake bado lilikuwa la mwisho. Alivaa koti lake la ofisini, akapanda basi la alfajiri, na njia nzima alijipangia maneno.

Alimkuta dada yake amefunga khanga kiunoni, anawasimamia mafundi wanaopanga tofali. Pembeni, mahali pa lile tuta la udongo, palikuwa na kaburi. Si la vigae. La saruji tupu, limepigwa lipu laini, limezungushiwa ukuta mfupi, na mchanga uliozunguka ulikuwa umefagiliwa mistari mistari. Mkurugenzi alitaka kulipita akamfikie dada yake, akasimama. Hakuwahi kuliona kaburi la baba yake likiwa kaburi.

"Karibu," alisema dada.

"Nani amekupa ruhusa ya kujenga hapa?"

"Wewe."

"Mimi? Dada, kila siku nakwambia, hapa amelala mzee..."

Mafundi waliacha mwiko kusikiliza. Dada alifuta mikono kwenye khanga, hakuinua sauti.

"Ulisema hamna mtu. Uliulizwa mbele ya serikali, ukasema hamna mtu kule. Wazee wa hapa nao wamesikia, wakasema kama mwenye neno la mwisho amehamisha chake, basi mwache mtoto wa kike apumzike."

"Ile ilikuwa ni kwa ajili ya barabara. Wewe unajua. Baba yuko hapa, hapa chini."

"Huyu?" Dada alilitazama kaburi la saruji. "Huyu si wako, mdogo wangu. Wako yuko kwako, ana vigae vya maua. Huyu nilimwogesha mimi, nikamzika mimi, nimemjengea mimi kwa kushona sare za watoto wa watu. Wewe uliambiwa uchague, ukachagua. Usituchanganyie marehemu."

Maneno yote aliyoyapanga Mkurugenzi ndani ya basi yalikuwa yamekwenda, na mahali pake paliingia kitu ambacho hakuwa amekipa nafasi kwa miaka yote ile. Ilikuwa huzuni, ya kawaida kabisa, ya mtoto aliyefiwa na baba, imechelewa na imemkuta amevaa koti. Macho yakamjaa. Alisogea mkono umenyooka, aguse tu saruji ile, aseme neno. Lakini aseme nini, na aseme kama nani? Mkono ukabaki hewani, akaurudisha mfukoni.

Fundi mmoja, mgeni pale kijijini, aliyaona machozi na akamwuliza dada kwa sauti ya chini huyu mzee ana nini.

"Ni mtu wa mjini," alisema dada. "Alifiwa na baba yake huko huko. Mpeni pole."

Wale mafundi walikuwa watu waungwana. Waliweka chini miko yao, wakafuta mikono kwenye suruali, wakaja mmoja mmoja kumpa mkono pale pale mbele ya kaburi.

"Pole sana, mzee."

"Asante," alijibu Mkurugenzi. "Nimeshapoa."